Deni Letu kwa Askari Wazee

Kila mwaka tarehe 25 Julai nchi yetu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao na mashada ya maua huwekwa penye minara, tarumbeta hulia, watu husimama kimya; kisha kila mtu hurudi shambani kwake au mtumbwini kwake. Desturi hii ni njema. Lakini wako Wakristo wasemao, "Vita ni uovu, amheshimuye askari avisifu vita." Neno hili si la kudharauliwa. Na tulipime.

Sisi wa Ilemela na ufuko huu wa Ziwa twavijua vita. Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza mwezi wa Julai 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Katika vita vile Waafrika walikuwako pande zote mbili. Na nyuma ya askari walikwenda wapagazi, wasio na bunduki, ila mzigo kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, homa na kuhara, na walio wengi hawana kaburi lijulikanalo. Vita vya pili vilipokuja, vijana wa Tanganyika walipelekwa Uhabeshi, na Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani iliizamisha meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na miongoni mwao wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Tena mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, ng'ambo ya Ziwa letu. Askari wetu na mgambo walikwenda, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi, ndege ya Libya ilifika hata Mwanza kutupa mabomu, ila yakakosa shabaha.

Basi, vita hivi havifanani. Vya Kagera vilikuwa vya kuilinda nchi. Vile vya kwanza vilikuwa ugomvi wa wageni, na wengi wa wapagazi walichukuliwa kwa nguvu. Je, tumheshimu yule wa Kagera na kumsahau mpagazi, kwa kuwa vita vyake havikuwa vyake?

Na tutwae mfano wa kwetu. Tajiri wa mitumbwi awatuma wavuvi ziwani usiku, hali mawingu yameshatanda. Mmoja azama. Je, tutakataa kumlilia kwa sababu amri ya tajiri ilikuwa mbaya? Hasha! Kosa la mtumaji halimpunguzii aliyetumwa heshima yake; lazidisha deni letu kwake. Hivyo twaona kwamba sifa na deni ni mambo mawili. Sifa hupewa jambo lililo jema. Deni hudaiwa na mtu aliyeumia badala ya wengine, jambo lenyewe liwe jema au baya. Mkristo aweza kuvichukia vita kwa moyo wote na bado kulilipa deni hili. Tena avichukiaye ndiye apaswaye zaidi kumjali aliyejeruhiwa navyo.

Mfalme Daudi alilijua jambo hili. Alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, watu watatu walipenya katikati ya adui wakamletea. Naye hakuyanywa; aliyamimina mbele za Bwana, maana aliona kwamba ni kama damu ya wale waliohatarisha maisha yao. Sisi twanywa kila siku. Twalala kwa amani, twavua, twalima, wala hatuulizi maji haya yalichotwa na nani.

Lakini iko hatari nyingine, nayo imejificha ndani ya sifa zenyewe. Twamwita mzee "shujaa", twampa kiti cha mbele, twapiga makofi, kisha twamwacha. Pengine yeye moyoni anamkumbuka mwenzake aliyemwacha njiani, au uso wa adui aliyeomba kuhurumiwa. Neno "shujaa" halina nafasi ya majonzi hayo, naye hunyamaza ili asituharibie sherehe. Kumheshimu kweli ni kumpa sikio. Asiyetaka kusema asichokozwe, maana kimya chake ni mali yake. Lakini atakaye kusema asikatizwe, hata akisema yasiyopendeza.

Tena wakati ni mfupi. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa amepita miaka 65. Wa Burma karibu wote wamekwisha kulala, na watoto wao ni wazee. Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Hivyo ndivyo ilivyo duniani, lakini haifai iwe hivyo kati yetu.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo yaliyo katika uwezo wetu. Katika kila kijiji, toka Kayenze hata Igombe, anayejua kuandika atwae daftari, aandike jina la mzee, mwaka aliokwenda, mahali alipofika, wenzake wasiorudi. Aandike na majina ya wapagazi ambayo wajukuu wangali wakiyakumbuka. Aandike na ya mke aliyebaki akilima peke yake na kulea watoto bila kujua kama ni mke au mjane, kwa maana yeye naye alichukua mzigo wa vita. Na mzee mwenye haki yake serikalini asiyeweza kuzisoma karatasi zake, asomewe, asindikizwe ofisini, asirudishwe mikono mitupu kwa kukosa msemaji.

Mambo haya hayana tarumbeta. Lakini mzee akisikia jina la mwenzake aliyekufa likisomwa katika daftari la mtoto, atajua kwamba hakuachwa peke yake kulikumbuka.