Asubuhi Niliyomfungia Bibi

Julai mwaka jana nilimfungia bibi yangu ndani. Nilitia kufuli kwenye grili ya mlango, nikaweka ufunguo chini ya mto, nikalala. Nilikuwa na sababu, tena sababu nzuri, na nitazieleza. Lakini naanza na kufuli kwa kuwa kila ninapoisimulia habari hii hutanguliza sababu, na sababu zikishatangulia, kufuli linaonekana dogo.

Tunaishi Jangwani, mitaa michache kutoka jengo la klabu ya Yanga. Kiwanja ni cha marehemu babu. Zamani kilikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Sasa pana ghorofa. Familia ilikubaliana na mwekezaji. Yeye akachukua maduka ya chini na sehemu kubwa ya juu, sisi tukabaki na makazi ghorofa ya kwanza. Bibi ana miaka 81. Aliletwa hapa bibi harusi kutoka Rufiji, na tangu nimjue, akishasali alfajiri na kukikaribia kupambazuka, hutoka kutembea.

Hana anapokwenda. Ukimuuliza atakwambia, "Naenda kuona kama mji upo." Hushika njia ya sokoni, hupita kwa muuza kahawa, huwaitikia wanaomwamkia, huuliza bei ya nyanya asizonunua, hurudi. Kwa miguu yangu ni dakika 20. Kwa yake ni saa nzima na zaidi. Majira anayoyapenda ni kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma. Masika yamekwisha, na matope ya bonde la Msimbazi, ambako miaka mingi barabara imefungwa kwa mafuriko, yamekauka. "Kiangazi hutembei," husema, "unachemshwa."

Tatizo ni kwamba kipupwe hichohicho ndicho familia inachokiogopa. Mama mdogo anaishi Uingereza, na kila majani yanapoanza kupukutika huko hututumia soksi nene za bibi. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba wazee wa kule hushauriwa kupasha chumba joto hadi angalau nyuzi 18. Tulicheka sana. Alfajiri za Julai Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Joto wanalolinunua wenzetu kwa bili ya gesi ndilo baridi tunayojifunika sisi.

Hata hivyo baridi si namba tu. Mtu akizeeka misuli hupungua, na misuli ndiyo jiko la mwili. Mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi hujibana polepole ili kuzuia joto lisitoke, na mzee anaweza kupoa kabla hajajua kwamba anapoa. Ongeza hapo mwili uliozoea jasho la pwani miaka 81. Bibi anayajua haya bila kuyasoma. Hatoki kabla hajanywa kikombe cha chai ya tangawizi. Huvaa sweta juu ya gauni, khanga moja kiunoni, nyingine mabegani, na soksi za mama mdogo ndani ya raba.

Juni hiyo aliteleza pembeni mwa mtaro usio na mfuniko. Dereva wa bajaji alimrudisha nyumbani, goti limechunika na kifundo cha mkono kimevimba. Hospitalini wakasema hakuna mfupa uliovunjika. Mwanzoni mwa Julai, alipoanza tena kutoka, kikao cha familia kikaitishwa, wengine wakiwa ukumbini, wengine kwenye simu. Bibi alikuwa chumbani kwake. Nakumbuka tulipunguza sauti. Ikaamuliwa asitoke mpaka baridi iishe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi naye, nikakabidhiwa ufunguo.

Alfajiri ya kwanza niliisikia grili ikitikiswa mara mbili. Kisha kiti kikavutwa. Nilipoamka saa mbili nilimkuta amekaa kuielekea grili, amevaa kila kitu: sweta, khanga zote mbili, soksi, raba. Nikamwamkia, shikamoo, hakuitikia. Bibi huniita mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Akaniuliza, "Mume gani anamfungia mkewe?" Hakucheka. Nikamwambia ni uamuzi wa kikao. Halafu nikaongeza methali, kwa ujinga wangu, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Sawa," akasema. "Na mkuu hapa ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo.

Hoja ya mjomba si hoja ya mtu mbaya. Anasema mtu wa umri ule akivunjika nyonga, mara nyingi harudi kutembea kama zamani, na wapo ambao hawafiki mbali baada ya hapo. Ni kweli. Anasema pia jambo ambalo sisi vijana tuliosoma hulikwepa: bibi akivunjika, havunjiki peke yake. Mama ndiye atakayemwogesha na kumgeuza kitandani, na kwa hiyo ataacha genge lake. Mjomba atatafuta pesa. Anayesema bibi aachwe atoke, anasema kwa mgongo wa mama.

Rafiki yangu mmoja, nilipomweleza, alinijibu haraka: ni maisha yake, ana akili timamu, ana haki ya kuanguka. Nililipenda jibu hilo kwa siku mbili. Lakini halimfikii mama. Katika familia kama yetu mwili wa mtu haujawahi kuwa wake peke yake. Wangu ulibebwa mgongoni na bibi, ukaogeshwa uani kwake, ukafukuzwa malaria kwa usingizi wake. Siwezi kumwambia mama kwamba kuanguka kwa mama yake ni haki ya mtu binafsi, kisha nikamkabidhi beseni.

Kwa hiyo mjomba ana haki anaposema hatari ile ni yetu sote, na rafiki yangu ana haki anaposema bibi si mtoto. Kosa letu lilikuwa wapi?

Siku ya tatu mama alikuja na blanketi jipya. Bibi akalipapasa, akashukuru, akasema, "Lakini blanketi halina joto. Mfunike maiti nalo uone."

Mama alikasirika, maana maneno kama hayo hayasemwi. Mimi nililala nayo. Ni kweli kabisa. Blanketi halitengenezi joto. Hulizuia lisitoke lile ambalo mwili umelitengeneza, kwa chakula na kwa kujongea. Sisi tulikuwa tunaongeza vifuniko huku tumelizima jiko. Hata kwa lengo letu wenyewe tulikuwa tunakwenda kinyume. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujimudu wasiyumbe siku tatu au zaidi, ili wasianguke ovyo. Mzee aliyefungiwa miezi miwili asianguke, atakapofunguliwa atakuwa karibu zaidi na kuanguka.

Tena joto hilo si la ngozi peke yake. Bibi huwa anarudi kutoka matembezini na habari: nani amefiwa, nani kapandishiwa kodi, mtoto wa nani amefaulu. Hizo ndizo alizokuwa akitulipa nazo wakati wa chai. Wiki ile hakuwa na la kusema. Alikula, akasali, akalala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Mama alipompigia mjomba simu, alisema kwa faraja, "Amepoa."

Nililisikia neno lile nikiwa mlangoni. Mtu mkali akitulia tunasema amepoa. Mgonjwa akipata nafuu, baadhi yetu husema amepoa. Na chai ikiachwa mezani bila kunywewa, nayo hupoa.

Chuoni tulisomeshwa *Jamhuri* ya Plato, na mimi, kama wenzangu, niliruka kurasa za mwanzo ili nifike haraka kwenye hoja za haki. Wiki ile nilizirudia. Socrates ameshuka kwa miguu kutoka Athens kwenda Piraeus, na anajikuta nyumbani kwa mzee Cephalus. Karibu neno la kwanza la mzee ni lalamiko: mbona huji mara kwa mara? Ningekuwa bado na nguvu za kutembea mpaka mjini, anasema, usingehitaji kuja, sisi ndio tungekufuata wewe. Socrates anamjibu kwamba anapenda kuzungumza na wazee, maana wametangulia kwenye njia ambayo huenda nasi tutaipita, na inafaa tuwaulize kama ina mashimo au imenyooka.

Zamani niliona haya ni maamkizi tu kabla ya kitabu kuanza. Sasa naona mzee amekwisha kusema jambo la haki kabla ya mtu yeyote kuuliza haki ni nini. Miguu yake imepungua, na anachodai si blanketi. Anadai miguu ya wengine.

Na tulipofika kwenye suala la njia na mashimo yake, nililazimika kukumbuka jambo jingine. Kariakoo yote hii imepewa jina na watu wa mwendo: Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wakafa kwa maradhi na uchovu. Bibi ameutembea mji huu kabla soko lililosanifiwa na Beda Amuli halijajengwa, miaka ya 1970, na asubuhi baada ya soko hilo kuungua, Julai 10, 2021, alikwenda kusimama mbali kulitazama. Ninapomuuliza aliwezaje kutembea kote huko akiwa na ujauzito, akiwa na homa, akiwa na mizigo, jibu lake ni moja: "Tulikuwa tunakaa." Kila nyumba ilikuwa na baraza. Mtu akichoka aliketi, akaletewa maji, akaulizwa hali, akaendelea. Matembezi ya mzee yalikuwa safari ya kutoka kiti hadi kiti.

Ghorofa hazina baraza. Zinaanzia ukingoni mwa barabara, na palipobaki pamejaa marobota, bodaboda na mikokoteni. Hilo nililijua. Nisilolitaka kulitazama ni kwamba baraza moja kati ya hizo ilikuwa yetu. Tulipotia saini mkataba na mwekezaji tulivunja nyumba, na pamoja nayo tukavunja kiti cha kila mzee aliyekuwa akipita mtaa wetu. Halafu tukamwambia bibi asitoke kwa sababu mtaa una hatari.

Siku ya nane niliifungua grili, na huu ndio msimamo niliofikia. Watakaoubeba mzigo mtu akianguka wana haki ya sauti. Wana haki ya kusihi, kudai viatu visivyoteleza, kudai asubiri kupambazuke, kudai awe na mwenzake. Ufunguo si wao. Maadamu bibi ana akili zake, ufunguo ni wake. Mzee aliyepoteza kumbukumbu na asiyeijua njia ya kurudi ana suala jingine, ambalo sidai kulimaliza hapa. Na sauti ina gharama: anayeogopa, aongozane naye. Hofu inayobaki kitandani na ufunguo chini ya mto haina haki ya kuitwa upendo.

Kuongozana naye kulinishinda mwanzoni. Nilikuwa natangulia hatua kumi, nasimama, naangalia simu, kama mtu anayesubiri daladala. "Usinisubiri," aliniambia. "Tembea." Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba yule anayesubiriwa huona haya, hukimbia, na hapo ndipo huanguka. Fundi simu wa chini yetu alikubali kumwekea kiti cha plastiki mlangoni. Muuza kahawa ana benchi. Mwenye duka la mikeka, mbele zaidi, alisema hata kiti chake mwenyewe akikalie. Viti vitatu. Si baraza, lakini vinamfikisha.

Mjomba hajakubali. Huja Jumapili, hutembea naye akinung'unika njia nzima, na bibi huzifurahia Jumapili kuliko siku nyingine. Siwezi kusema nimeshinda hoja. Akianguka kesho, mama ataacha genge, mjomba atanitazama, na maneno yote haya hayatamwinua kutoka chini.

Kipupwe kimerudi. Mwaka huu hafiki sokoni, anaishia kwa muuza kahawa. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari ulio usawa wa mkono wake. Leo alfajiri niliisikia grili ikifunguliwa. Nilitamani kulala. Nikavaa viatu, nikamkuta ngazini, na alipoona nimetoka na fulana tupu akanirudisha ndani nikachukue sweta.