Treni Iliyosimama Soga

Usiku wa pili wa matanga ya shemeji yetu, Kibaha, wanaume tulilala nje chini ya turubai. Mikeka ilikuwa imetandikwa, viti vya plastiki vimerundikwa pembeni, na kule uani kinamama walikuwa bado wanasugua masufuria. Mjomba alikuwa amefika jioni ile kutoka Maneromango, wilaya ya Kisarawe, kwa bodaboda kupitia Mzenga hadi Mlandizi. Kwa mzee wa miaka 72 ile si safari ya mchezo. Alijilaza chali, na mkoromo ukaanza hapo hapo.

Msiba wa Kizaramo haukosi mtani. Wa kwetu alikuwa Mnyamwezi mmoja asiyechoka mdomo. Akainuka akakaa kitako. "Treni ya Tabora imeondoka," akatangaza. "Sasa inapanda Pugu." Kweli, mkoromo ukapanda. Kisha ukakatika ghafla, kimya. "Imeingia Soga," mtani akasema, "inasubiri kupishana." Tukazibana midomo kwa shuka ili wafiwa wasisikie tunavyocheka. Mjomba akafurukuta, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu anayeibuka majini, na treni ikaondoka tena.

Binti wa dada yangu, muuguzi, alikuwa ametuletea kahawa. Yeye hakucheka. Alisimama na birika mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho kwenye saa. Treni iliposimama mara ya tatu nikamsikia akinong'ona: "Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne..."

Asubuhi akamfuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

"Babu, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

"Nne, tano. Uzee huo."

"Na kichwa ukiamka?"

"Kizito, kama niliyekesha ngomani."

Akamwomba waende hospitali pamoja siku hiyo hiyo. Mjomba akacheka. Tangu lini kukoroma kukawa ugonjwa? Baba yake alikoroma mpaka siku anaingia kaburini. Na sisi, lazima nikiri, tulimuunga mkono mjomba, maana hakuna mtu anayependa kukatiziwa utani wake.

Binti yule alinieleza baadaye, na tangu hapo sijasikia mkoromo kama zamani. Koo ni njia laini isiyo na mfupa wa kuishikilia. Inabaki wazi kwa sababu misuli inaivuta, na mtu akilala misuli hulegea. Kijana hukoroma pia, lakini misuli yake hushtuka mapema na kuirudisha njia. Kadiri umri unavyosogea, misuli hiyo huchelewa, mafuta hujikusanya kandokando ya koo, na kwa mzee aliyepoteza meno taya nalo hurudi nyuma pamoja na ulimi. Sauti ya mkoromo ni hewa inayopita kwa shida. Kimya ndicho hewa isiyopita kabisa. Madaktari huanza kuhesabu pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mjomba alifika 24, tena huku tukimshangilia.

Halafu kuna upande wa ubongo, ambao ndio ulionishangaza mimi. Tukilala, ubongo hupima kaboni dayoksaidi katika damu na kuamua tuvute pumzi kiasi gani. Usingizi mzito ndio wenye pumzi tulivu kuliko wote, na huo ndio uzee unaoupunguza. Mzee analala juujuu, anazinduka, anasinzia, anazinduka tena, na kila anapozinduka vipimo vinavurugika: anavuta hewa kupita kiasi, kaboni dayoksaidi inashuka, ubongo unaona hakuna haja ya pumzi, unatulia mno. Ni kama nahodha mgeni anayekata usukani kulia kwa nguvu, akaogopa, akaukata kushoto kwa nguvu zaidi. Moyo ukiwa umechoka, kuyumba huko huzidi.

Wala si jambo la mtu mmoja mmoja. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti waliwapima usingizi watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba karibu nusu ya wanaume na karibu robo ya wanawake pumzi zao zilikatika au kufifia mara 15 au zaidi kwa saa. Wanawake, wakishakoma hedhi, kinga waliyokuwa nayo hupungua. Wengi wenye tatizo hili huwa hawana habari. Mwenye mkoromo ndiye wa mwisho kujua.

Na mjomba hakuwa na wa kumwambia. Mke wake alipokuwa hai alimpiga kiwiko usiku kucha, akageuka ubavu, hewa ikapita. Kiwiko kile kilikuwa dawa, ila sote tulikiona ugomvi wa wazee. Alipofariki, mjomba akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema ni jinamizi linamkaba, mwingine kwamba akatwe kimeo, jambo ambalo wataalamu wa afya hulikataza. Uliomfikia hasa ulitoka duka moja la dawa: alilalamika kwamba usingizi haumkolei, akauziwa vidonge vya usingizi bila cheti. Vidonge vya namna ile hulegeza misuli ambayo tayari imelegea, na humchelewesha mtu kushtuka wakati anapohitaji kushtuka. Mjomba alivisifu sana. Alisema sasa analala kama gogo.

Alfajiri moja jirani aliyekuja kuchukua ndoo alimkuta sakafuni, mdomo umepinda, upande wa kulia hausikii. Kiharusi. Presha alikuwa nayo miaka mingi, inakataa kushuka hata kwa dawa mbili, hivyo siwezi kuapa kwamba ni usingizi uliomwangusha. Ila kila pumzi inapokatika mwili hushtuka, na presha hupaa usiku ule ule ambao ingepaswa kupumzika. Sasa mjomba anatuelewa vizuri, lakini maneno hayatoki. Mtani alikuja kumwona, akakaa saa nzima bila mzaha hata mmoja.

Mdogo wake, wa huko huko Kisarawe, ana mkoromo wa vituo vile vile. Ipo mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, aliyoianzisha daktari Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, lakini ina bei yake na inataka umeme usiokatika. Wakati tunahangaikia vipimo, binti yetu amemwachisha pombe ya jioni na kumshonea mfuko mgongoni mwa fulana, ndani yake korosho mbichi zenye maganda, ili asiweze kulala chali. Mjukuu wa darasa la sita analala naye chumba kimoja, mkekani. Nilipolala kwao nilimsikia gizani: "Saba, nane, tisa..." Kisha mguu ukagonga kitanda, mzee akatukana, korosho zikachakarika, akalala ubavu.