Mkate, Chumvi na Khiyana

Je, mtu aliyevunjiwa ahadi anaruhusiwa kulipiza kwa khiyana? Swali hili ni la kale, nalo limeelezwa kwa nguvu katika riwaya ya mwandishi wa Kimarekani George R. R. Martin, iitwayo A Storm of Swords, iliyotolewa mwaka 2000. Riwaya hiyo yasimulia vita vya koo kubwa zinazogombea ufalme katika nchi ya kubuni, na sehemu yake inayotuhusu hapa ni ile ya arusi.

Kijana Robb Stark, mfalme wa kaskazini, alikubali kuoa binti mmoja wa mzee Walder Frey ili jeshi lake lipewe njia ya kuvuka mto. Njia akapewa; kisha akaoa mwanamke mwingine. Baadaye alirudi kuomba radhi, na mzee akajionyesha amesamehe, kwa sharti kwamba mjomba wake Robb amwoe binti yake. Wageni wakapokewa ngomeni, wakala mkate na chumvi, jambo ambalo kwa mila ya nchi ile huweka amana baina ya mwenyeji na mgeni. Kumbe muziki wa arusi ulikuwa ishara ya mauaji. Robb na mama yake wakauawa ukumbini, na askari wao wakaangamizwa katika mahema nje.

Tywin Lannister, adui yao aliyeiunga mkono njama hiyo kwa siri, alijitetea mbele ya mwanawe kwa hesabu: afadhali wafe wachache mezani kuliko maelfu vitani. Ndugu msomaji, hoja hii haifai kudharauliwa. Vita huua wasio na hatia, na mwenye kuvifupisha hutenda jema. Basi kosa liko wapi?

Kwanza, hesabu yenyewe si ya kweli. Wamehesabiwa mabwana waliokuwa mezani. Maelfu ya askari waliouawa mahemani hawakutajwa.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, vita hukoma pale adui anapoliamini neno la adui yake. Vinginevyo havikomi mpaka upande mmoja ufutike kabisa. Anayeua watu katika karamu ya suluhu ameiua pia suluhu yenyewe. Kesho ni nani atakayekubali mwaliko wake? Ni nani atakayeweka silaha chini? Katika riwaya hiyohiyo watu wa Frey walichukiwa na wengi, nao walisakwa na kunyongwa na waliotaka kisasi.

Ama kosa la Robb, hatulifichi. Ahadi ni deni, naye hakulilipa. Lakini Walder Frey angaliweza kudai fidia, au kukataa radhi, au hata kutangaza uadui waziwazi. Aliyedanganywa ana haki ya kudai. Hana haki ya kudanganya.

Wala mambo haya si ya hadithi tu. Martin mwenyewe ameeleza kwamba alichota katika historia ya Uskoti. Mwaka 1440 kijana mtawala wa ukoo wa Douglas na nduguye walialikwa kula katika ngome ya Edinburgh, wakakamatwa na kukatwa vichwa. Na mwaka 1692, huko Glencoe, askari waliokuwa wamelishwa na kulazwa na watu wa MacDonald kwa muda wa karibu wiki mbili, waliamka alfajiri wakawaua wenyeji wao. Kisingizio kilikuwa nini? Kwamba mkuu wa ukoo huo alichelewa siku chache kula kiapo cha utii kwa mfalme!

Tazama basi jinsi kosa dogo la mwingine linavyoweza kufanywa pazia la dhuluma kubwa. Sheria ya Uskoti ililiona jambo hili. Kumwua mtu aliyekuamini ilikuwa hatia nzito kuliko mauaji ya kawaida. Na ilistahili kuwa hivyo, kwa kuwa anayeuawa vitani alikuja na ngao yake, lakini anayeuawa mezani aliiacha mlangoni kwa sababu mwenyeji alimwambia karibu.