Wanangu wa Florida Road, Acheni Unga wa Kichwa

Wanangu mnaolinda magari usiku hapa Morningside, kuanzia Mitchell Park kushuka Florida Road yote, nina jambo moja la kuwaambia. Ile dawa ya unga ya maumivu, ya vijikaratasi, mnayoimimina ulimini saa saba za usiku na kuisukumia kwa soda, itawatoboa matumbo. Najua mtanijibu: mzee, kichwa kinagonga, miguu inawaka, na alfajiri bado. Kweli. Lakini nilifundisha baiolojia kabla sijafika Durban, na kunyamaza nimeshindwa.

Jueni kwanza maumivu yanatengenezwa wapi. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili. Wanasayansi Gorter na Grendel walilionyesha hilo kule Leiden mwaka 1925. Utando huo si ganda la kuzuia tu. Vimeng'enya vingi vimekaa ndani yake, na vinafanya kazi au vinalala kufuatana na mafuta yaliyovizunguka. Kile kinachotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, alichokieleza Jens Skou mwaka 1957 kutokana na neva za kaa, ukikivua mafuta yake kinasimama. Ukikirudishia yanayofaa, kinaanza tena. Protini ni ile ile.

Utando huo huo ni ghala. Mguu ukiumia kwa kusimama usiku kucha, kimeng'enya cha fosfolipesi hukata humo asidi ya mafuta iitwayo arakidoni. Kimeng'enya kingine, siklooksijenesi, huipokea, na mwisho wake hupatikana prostaglandini, ambazo huzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. John Vane, akiwa London mwaka 1971, alionyesha kwamba aspirini hukizima hicho cha pili, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bergström na Samuelsson wa Sweden. Sasa someni maandishi madogo kwenye kijikaratasi chenu: aspirini, parasetamoli, kafeini.

Na aspirini haikizimi kwa muda tu. Hubandika kipande chake juu ya kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hakifufuki. Seli hulazimika kuunda kipya. Chembe sahani za damu haziwezi hata hilo, kwa sababu hazina kiini, basi hubaki zimelemaa maisha yao yote, kama siku 10 hivi. Ndiyo maana anayetumia unga kila siku, akijikata kidogo tu, damu hukawia kukata.

Tumboni ndiko kuna hatari zaidi. Prostaglandini zile zile mnazozichukia mguuni ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Unga hauchagui: unazima za mguuni na za tumboni pamoja, na nyinyi mnaumeza bila chochote tumboni tangu mchana. Halafu kuna kafeini. Mwili ukishaizoea, siku ukiikosa kichwa kinauma upya, na mtu anadhani ni ugonjwa ule ule umerudi, kumbe ni dawa inajiitia mteja.

Mtaniuliza, tule nini basi? Kimeng'enya ni kama fundi seremala: hufanya kazi na mbao zilizoko karakana, na mbao hizo, yaani mafuta, mnazileta nyinyi kwa mdomo. Tazameni bunny chow ya kondoo, ule mkate wa mchuzi, mnayoachiwa na mteja. Usiku wa Julai ikishapoa, mafuta meupe yanaganda ukingoni mwa mkate. Sadini je? Huja na maji baridi pwani hii Juni na Julai, watu wakikimbilia ufukweni na ndoo. Samaki wa baridi angekuwa na mafuta ya kuganda, utando wake ungekakamaa na vimeng'enya vyake vingezorota. Basi mafuta yake yamejaa EPA na DHA, asidi zilizopindapinda zisizoshikamana kirahisi. Ukimla mara kwa mara kwa wiki kadhaa, EPA inaingia kwenye utando wako na kuchukua baadhi ya nafasi za arakidoni. Siklooksijenesi huipokea kwa uzito, na kinachotoka huwa hafifu zaidi. Sisi tuliotoka Ziwa Tanganyika tumekulia dagaa. Samaki wa kopo wa dukani si mgeni kwetu, na bei yake mnaijua.

Sisemi samaki wa kopo ni dawa ya kichwa. Anayewauzia vidonge vya omega, yaani vya mafuta ya samaki, akiwaahidi hivyo, mwacheni aende. Na chipsi za mafuta yaliyochemka wiki nzima mziache pia. Serikali ya hapa ilipiga marufuku mwaka 2011 mafuta yenye zaidi ya gramu 2 za mafuta ya transi kwa kila gramu 100, lakini hakuna sheria inayosimama jikoni kumwambia mkaangaji amwage karai.

Mwenye pumu miongoni mwenu asiuguse unga huo kabla hajamuuliza daktari. Siklooksijenesi ikizimwa, arakidoni hugeukia njia nyingine, ile ya leukotrini, na leukotrini hubana kifua. Wapo wenye pumu wanaokabwa ndani ya saa moja au mbili.

Na yeyote atakayeona choo cheusi kinachonata, au akatapika kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa, asingoje zamu iishe wala asiogope kwamba karatasi zake za ukimbizi zimepitwa na tarehe. Hospitali ya Addington iko kule chini ufukweni. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kimeandika mtu, si raia.