Jitu Lisilo na Kwao

Kijana mmoja wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinijia jioni moja na daftari lililojaa michoro. Baada ya kuniamkia alinieleza kwamba anabuni adui wa mchezo wa kompyuta: jitu litokalo sayari ya mbali, kimo chake chapita minara, na ngozi yake haipenywi na risasi wala moto. Nikamwuliza, "Limekuja kutafuta nini huku?" Akacheka. "Mzee, hilo ni adui tu. Halitafuti kitu."

Jibu lile lilinisumbua kuliko jitu lenyewe. Je, ni haki kumtunga adui asiye na sababu?

Wapo watakaosema kuwa mchezo ni mchezo. Lakini sisi tuliolelewa kwa hadithi za mazimwi twajua kuwa mazimwi yale yalitufunza mengi kabla hatujashika kitabu. Itazame hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliipiga chapa mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja. Nunda, mla watu wa hadithi hiyo, alianza akiwa paka wa Sultani. Alipokula kuku watu walishtaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka akapanda kwa mbuzi, akapanda kwa ng'ombe, hata akafikia kula watu, na wana wa Sultani wakawamo. Hapo ndipo mwana wa mwisho alipoingia porini kumwinda. Kila alipoua mnyama alimpeleka kwa mama yake, naye mama akamwambia siye. Akarudi tena kutafuta aliye mkubwa zaidi. Vijana wa leo wanaopanda ngazi za michezo yao, adui mdogo kwanza, mkubwa baadaye, wasidhani kwamba jambo hilo limezuliwa na mashine.

Sasa tumtazame jitu wa kutoka angani. H. G. Wells, Mwingereza, aliandika mwaka 1898 riwaya ya viumbe wa Mirihi walioivamia nchi yake kwa mitambo ya miguu mitatu, mirefu kupita nyumba. Mizinga ya Waingereza haikuweza kuwazuia; waliuawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Lakini Wells aliwapa sababu: sayari yao ilikuwa inapoa na kufa. Tena, mwanzoni kabisa mwa kitabu, aliwakumbusha wasomaji wake jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Alikuwa akiwaambia wenzake: jitu hili mwalijua. Nasi ambao babu zetu walikabiliwa na bunduki za rashasha mwaka 1905 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Miaka 80 baadaye, mwaka 1978, Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga mchezo wa Space Invaders. Hakutaka mchezaji awapige risasi binadamu, kwani aliona jambo hilo si la maadili mema. Akawaazima viumbe wa Wells, akachora maumbo ya pweza, kaa na ngisi, 55 kwa safu tano. Mashine yake ilielemewa na wingi wao, hivyo kila walipopungua walizidi kwenda mbio. Kasoro hiyo akaiacha, ikawa ndiyo utamu wenyewe. Ukiwamaliza wote, wengine huja.

Uamuzi wake nauheshimu. Sijui kama mimi ningekuwa na subira hiyo. Hata hivyo una gharama. Pweza wale walibaki na miili ya Wells, lakini sayari yao inayokufa haikuwafuata. Mchezaji huwapiga mchana kutwa pasipo kujiuliza wametoka wapi, na mkono uliozoea hivyo hauchagui sana baadaye ni nani aitwe mgeni.

Nilimweleza kijana hayo yote, naye alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini mzee, nikilipa sababu, wachezaji watalionea huruma, nao watashindwa kulipiga."

Hoja yake ilikuwa nzito, nami nilikaa kimya kitambo. Mwisho nikamjibu kwamba Nunda alikuwa paka wa nyumba ya baba yake, na bado mwana wa mwisho alimwua. Akafungua daftari, akaomba kalamu.