Mashini Moja, Majina Manne: Nani Atajibu?

Mtoto wa dada yangu ni fundi wa programu huko Lubumbashi. Programu ni yale maagizo yanayoandikwa ili kompyuta ifanye kazi yake: kuhesabu feza, kutunza majina, kukumbusha tarehe. Siku moja aliniita nione wafanyakazi wake. Nilidhani nitakuta vijana wanne. Kumbe, meza moja, kompyuta moja, na majina manne juu ya kioo: Mpangaji, Mwandishi, Mpimaji, na wa nne amemwita Mzee Mkali.

«Mjomba,» akaniambia, «huyu Mzee Mkali hapendi kitu. Kila kazi anaiona kosa.» Akacheka kama mtu anayesimulia habari za baba yake mkubwa.

Hao wanne ni akili bandia, ile inayosemezana na watu kwa maandishi, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022. Namna ya kuwafanya si ngumu. Fundi anaandika barua fupi: jina lako ni hili, kazi yako ni hii, tabia yako ni hii, vyombo unavyoruhusiwa kushika ni hivi. Mwandishi anaruhusiwa kuandika. Mzee Mkali anaruhusiwa kusoma tu, asiguse. Mwaka 2023 watafiti walionyesha chombo kiitwacho ChatDev, kilichopangwa kama kampuni nzima: mkurugenzi, mwandishi wa programu, mkaguzi, mpimaji, na wote ni akili bandia wakiulizana na kujibizana. Leo mafundi wengi wanafanya hivyo katika kazi yao ya kila siku.

Basi, ni haki kuipa mashini jina na tabia ya mtu?

Pengine mtasema upesi: hapana, ni uongo. Mimi sisemi hivyo. Seminarini tulifundishwa kwamba neno la Kilatini «persona», kabla halijachukuliwa na wanateolojia, lilikuwa jina la sura ya bandia waliyovaa wachezaji wa michezo. Na kwetu Kongo, nani asiyejua sura za mti za Wasongye na Waluba, zile kifwebe? Sura ya mti haimdanganyi mtu mzima anayejua kwamba chini yake mna mtu. Kanisa lenyewe lilitumia kazi ya namna hiyo. Mwaka 1587 Baba Mtakatifu Sikstus V aliweka rasmi yule ambaye watu walimwita wakili wa shetani: padri aliyepewa amri ya kutafuta kila sababu ya kumkatalia mtu utakatifu. Hakumchukia marehemu, alitimiza kazi aliyopewa, nayo ilidumu mpaka Yohane Paulo II alipobadili utaratibu mwaka 1983.

Na faida iko, nisiifiche. Akili bandia ina udhaifu mmoja mkubwa: inapenda kumkubalia anayesema nayo. Ukiiuliza, «Kazi yangu ni nzuri?», mara nyingi itakusifu. Ukiiagiza iwe kali, inatafuta kosa kwa bidii zaidi (wakati mwingine inatafuta hata pasipo kosa, ili itimize ukali wake!). Tena, yule anayekagua bila kusikia maneno ya mwandishi hatekwi na sababu zake. Kumbukeni Danieli na habari ya Susana. Aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukaonekana.

Lakini angalieni vizuri. Danieli alikuwa na watu wawili. Mtoto wa dada yangu hana wanne. Ana mashini moja iliyosomeshwa mara moja, ikapewa barua nne. Lile isilolijua Mwandishi, Mzee Mkali naye halijui. Sheria ya Musa ilitaka mashahidi wawili au watatu. Haikukubali shahidi mmoja abadili kanzu mara tatu.

Jambo hili halikubaki maneno matupu. Kijana huyu aliandika programu kwa ajili ya chama kimoja cha kukopeshana feza, cha akina mama wa soko. Mama mmoja alikopa franka 200.000, akazirudisha Jumamosi jioni, siku ya mwisho kabisa. Mwandishi wa chama, ambaye Jumapili hafanyi kazi, akaandika malipo hayo Jumatatu asubuhi. Programu ikamhesabu kuwa amechelewa, ikamtoza faini ya franka 5.000. Mpangaji alikuwa amekubali, Mpimaji amekubali, na Mzee Mkali, pamoja na ukali wake wote, amekubali. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona soko siku ya Jumapili.

Nilipomwuliza kijana, alinijibu bila kufikiri: «Mzee Mkali ndiye aliyekosa.»

Hapo niliogopa. Si kwa sababu ya franka 5.000, ingawa kwa yule mama ni chakula cha siku nzima na zaidi. Niliogopa kwa sababu kijana mwenye dhamiri amepata mahali pa kuiweka dhamiri yake. Mzee Mkali hawezi kuona haya. Hawezi kwenda kwa yule mama kuomba radhi. Akisumbua sana, mwenyewe anafuta mstari mmoja wa barua, na ukali umekwisha. Padri wa Roma aliyekataa, alikataa na jina lake mwenyewe.

Nao udanganyifu huu hauwapati wajinga tu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa Marekani, alieleza programu yake ELIZA, iliyoweza kusemezana na watu mfano wa mganga wa mambo ya moyo. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Ndiyo maana barua ya Roma «Antiqua et Nova», ya tarehe 28 Januari 2025, inaonya akili bandia isionyeshwe kama nafsi ya mtu, na inawarudishia watu mzigo wa kujibu kwa ajili ya matendo yake.

Sikumwambia afute yale majina. Yanamsaidia, na anajua kazi yake kuliko mimi. Nilimwuliza tu: «Chini ya sura hizi nne, nani anacheza?» Alikaa kimya muda mrefu, kisha akavaa viatu.

Tulikwenda sokoni pamoja. Mama alikuwa anauza sombe. Kijana alimrudishia franka 5.000, akamweleza kosa lilivyokuwa, akisema «mimi», si «yeye». Mama akamwuliza kama wengine nao wametozwa hivyo. Hakujua. Basi akaketi juu ya kasha la bia tupu, akaomba vitabu vya wenziwe, akaanza kuhesabu kwa kalamu.