Kaya na Macho ya Mgeni: Utakatifu wa Mahali Pasipoonyeshwa

Miongoni mwa maswali ambayo taaluma ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni imeyarithi kutoka kwenye dini bila kuyapatia jibu, lililo gumu zaidi huenda ni lile linalohusu mahali ambapo utakatifu wake umesimama juu ya katazo. Kwa kawaida mahali pa kihistoria huhifadhiwa ili paonekane: kuta huimarishwa, njia husafishwa, kibao cha maelezo husimikwa, na mgeni aliyelipa kiingilio huwa amepata haki ya kutazama. Lakini zipo sehemu ambazo wenyewe walizihifadhi kwa kuzifunga, na ambazo zingalipo hadi leo kwa kuwa vizazi kadhaa vilipita bila mtu kuruhusiwa kuziingia ovyo. Sehemu kama hizo zinapowekwa katika orodha ya vivutio vya utalii, swali la kwanza si la barabara wala la choo cha wageni, ingawa hayo nayo yana umuhimu wake. Ni kama kitu kinacholindwa kwa kutoonekana kinaweza kulindwa kwa kuonyeshwa.

Misitu ya kaya katika pwani ya Kenya inaliweka swali hili wazi kuliko magofu mengi. Neno kaya, ambalo Kiswahili kinalo pia kwa maana ya watu wa nyumba moja, kwa Wamijikenda lina maana ya makazi ya asili ya jamii nzima: kijiji kilichozungushiwa ngome katikati ya msitu mnene, ambacho hufikiwa kwa njia nyembamba zenye malango. Mapokeo ya makabila tisa ya Mijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe, Wajibana na Waduruma, yanasema kwamba wahenga walitoka Singwaya upande wa kaskazini wakiwa wamebeba fingo, yaani kago la kuilinda jamii, ambalo lilizikwa ndani ya kaya na mahali pake pakawa siri ya wachache. Watu walianza kuishi katika kaya hizo tangu karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamehamia mashambani. Hata hivyo, kuhama kwa walio hai hakukuifanya kaya kuwa mahame, kwa sababu makaburi yalibaki, fingo lilibaki, na koma, yaani roho za wahenga, waliendelea kuhesabiwa kuwa wenyeji wa mahali hapo.

Uangalizi wa msitu ulibaki mikononi mwa wazee wa kaya, na chombo chao kikuu kilikuwa mwiko. Haikuruhusiwa kukata mti, kulisha mifugo, kuacha njia iliyozoeleka wala kuondoka na chochote, na aliyevunja mwiko alipaswa kulipa kwa mnyama wa kutambikia ili kosa lisafishwe kabla halijaleta ukame au maradhi. Wataalamu wa mimea walioichunguza misitu hiyo katika miaka ya 1980 walikuta humo miti na mimea adimu ambayo kwingineko pwani ilikuwa imekwisha kufyekwa, na kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ikaanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, huku Makumbusho ya Taifa yakipewa jukumu la kuzisimamia. Inafaa kukumbuka kwamba hakuna mzee aliyeweka mwiko kwa ajili ya kuokoa mmea adimu. Msitu ulipona kama mtoto anavyokingwa na mvua kwa sababu tu mama yake yuko chini ya paa: paa lilijengwa kwa ajili ya jambo jingine.

Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikiwa ni mkusanyiko wa misitu iliyotawanyika kwa umbali wa kilomita 200 hivi kandokando ya pwani. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi zinazohusiana na kaya hizohizo ziliingizwa katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Urithi usioshikika ni ule usio na umbo la kuguswa, kama vile matambiko, nyimbo, viapo na maarifa ya uganga. Kwa upande wa utawala mgawanyo huu unaeleweka, kwani orodha ya kwanza inatokana na mkataba wa mwaka 1972 na ya pili inatokana na mkataba wa mwaka 2003. Kwa upande wa falsafa, hata hivyo, limetendeka jambo la ajabu: mwili wa kaya umeandikishwa katika daftari moja na roho yake katika daftari jingine, na hali za viwili hivyo zikaelezwa kuwa tofauti, mwili ukiwa na sifa ya kustahili kutembelewa na roho ikiwa mahututi.

Chanzo cha mtengano huo ni namna ya kuuelewa wakati. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayatumia kama istilahi: sasa ni muda ambao watu wanaishi ndani yake na wanaukumbuka, na zamani ni bahari ya wakati ambamo mambo yote hatimaye huzama. Marehemu ambaye bado anakumbukwa kwa jina, kwa mujibu wa Mbiti, hajatoka katika sasa. Ni mfu aliye hai. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga, hasa pale alipodai kwamba fikra ya Kiafrika haina wakati ujao wa mbali, na walikuwa na hoja nzito. Lakini sehemu ya wafu walio hai inabaki na nguvu mbele ya kaya, kwa sababu taaluma ya urithi huanza kwa kudhani kwamba kinachohifadhiwa kimekwisha kupita, ilhali mzee anayeingia kaya kuomba mvua haendi kuikumbuka historia. Anakwenda kuzungumza na wakubwa wake.

Gharama ya kutoelewana huko ilikwisha kuonekana katika mkasa wa vigango. Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa, ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha wazee wenye hadhi kiitwacho gohu, na ambayo ikishasimamishwa haipaswi kung’olewa hata ikioza, maana kuoza kwake ni sehemu ya kazi yake. Wakusanyaji wa sanaa waliona katika nguzo hizo uzuri uliokuwa ukiliwa na mchwa, na katika nusu ya pili ya karne iliyopita mamia ya vigango yaliibwa, yakauzwa na kuishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Humo vilikaushwa, vikatiwa dawa, vikamulikwa taa. Mwaka 2014 jumba moja la makumbusho la mji wa Denver lilitangaza kurudisha 30. Mtu anaweza kusema kwamba ubao ulihifadhiwa vizuri zaidi huko kuliko ambavyo ungehifadhiwa Kilifi, na atakuwa amesema kweli kuhusu ubao.

Si kila mahali patakatifu pana mgogoro wa namna hii. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani huko Unguja, wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, bado unasaliwa, na mgeni anayevua viatu na kujisitiri akaingia kuyatazama maandishi hayo hapunguzi chochote, kwa kuwa msikiti ulijengwa ili watu waingie. Utakatifu wake unatimia kwa kufunguliwa. Utakatifu wa kaya, kinyume chake, uko karibu na ule alioueleza mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim mwaka 1912, aliposema kwamba vitu vitakatifu ni vile vilivyotengwa na kukatazwa. Kuvihudumia vyote viwili kwa mwongozo mmoja wa utalii ni sawa na kutumia ufunguo mmoja kwa mlango na kwa jeneza.

Jaribio linalofahamika zaidi la kupatanisha pande hizi liko Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi karibu na hoteli za Diani. Mgeni huongozwa na mwenyeji, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, hukatazwa kuchukua hata jani, hukatazwa kubusiana, na sehemu za ndani kabisa haonyeshwi. Fedha anazolipa husaidia jamii inayouzunguka msitu, jambo lisilo dogo katika ukanda ambao kiwanja cha ufukweni kina wanunuzi wengi kuliko wahenga. Wakosoaji huona hapo hatari iliyojificha: mwiko, uliokuwa amri, umegeuka kuwa sehemu ya burudani, na kaniki, iliyokuwa vazi la unyenyekevu, inakaribia kuwa vazi la kupigia picha. Hoja hiyo haipuuziki, lakini inachanganya imani na adabu. Mgeni haamini koma na hakuna anayemtaka aamini. Anachotakiwa ni kutenda kana kwamba aliye mbele yake ana haki ya kuamini, na adabu ya namna hiyo, hata ikilipiwa, inabaki adabu. Mtu anaweza kunyamaza msibani bila kumjua marehemu.

Ugumu wa kweli hauko kwa mgeni. Wadigo wengi ni Waislamu, Wagiriama wengi ni Wakristo, na wapo wanaoona tambiko la kaya kuwa shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu na viumbe, ingawa wazee wenyewe husisitiza kwamba anayeombwa ni Mulungu na koma ni wapelekaji tu wa maombi. Katika sehemu za Kilifi wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma palikuwa na ugomvi wa shamba. Kijana anayemwongoza mtalii kwa ufasaha anaweza kuwa yeye mwenyewe anaogopa kuonekana na jirani akiwa katika tambiko. Hapo ndipo fedha za utalii zinapoweza kuufanya msitu ubaki umesimama huku wanaojua mahali pa fingo wakipungua mmoja baada ya mwingine, na hesabu ya wageni ikasomwa kama ushahidi wa afya.

Kwa hiyo usimamizi unaostahili jina hilo hauna budi kuihesabu haki ya wazee ya kukataa kuwa sehemu ya mpango wenyewe: siku ambazo kaya inafungwa kwa sababu ya tambiko bila mtu kudaiwa maelezo, kaya ambazo hazitafunguliwa kamwe kwa watalii hata kama ziko katika orodha ya dunia, na maarifa ambayo hayataandikwa katika ripoti yoyote hata kama mtafiti ana kibali. Hati ya Nara ya mwaka 1994 ilikwisha kukubali kwamba uhalisi wa urithi hupimwa ndani ya utamaduni uliouzaa, na kama katika utamaduni huo uhalisi wa mahali uko katika kutoonekana kwake, basi ramani sahihi ya kaya itakuwa na sehemu isiyochorwa. Ziara ya Kinondo, kwa kadiri inavyofuata masharti yake, inalitimiza hilo bila nadharia nyingi: ipo sehemu ambapo mwongozaji husimama, akaeleza kwamba mbele ya hapo hawaendi, na wageni, ambao wamelipa, wakageuka.